Usitupe Swichi ya Zamani: Jinsi ya Kutafuta na Kufufua Swichi ya Ufunguo ya Pikipiki Kuukuu

Angalia pikipiki yoyote ya miaka ya 1970 au 1980 iliyosahaulika nyuma ya gereji, iwe Kondele huko Kisumu au Nakuru mjini, halafu fuata waya kutoka kwenye betri. Mara nyingi utakuta tundu tupu mahali palipokuwa swichi ya ufunguo, na chini ya tangi kuna swichi ya taa ya nyumba iliyofungwa kwa raba. Fundi aliidairekti, yaani aliunganisha waya moja kwa moja, siku ambayo mwenyewe alikuwa na haraka, na haraka hiyo imedumu miaka kumi.

Kwa nduthi ya kubeba abiria, mambo yanaenda. Lakini siku hizi wapo watu wanaotafuta Honda XL125S, Yamaha DT125 na Suzuki A100, zile ambazo maafisa wa kilimo, madaktari wa mifugo na mapadri walizunguka nazo vijijini, ili wazirudishe zilivyotoka kiwandani. Tangi linapigwa rangi, kiti kinashonwa, rimu zinapakwa kromu, kisha kwenye dashibodi inapachikwa swichi ya Mchina yenye ufunguo wa plastiki nyekundu. Kazi yote inaharibikia hapo.

Ninavyoona mimi, nyingi kati ya swichi zinazotupwa ni nzima. Kilichoharibika ni uso wa shaba ulio ndani yake, na huo unasafishika. Kwa hiyo pima kwanza, fungua baadaye, na kununua kuwe jambo la mwisho.

Swichi yako inawasha au inazima?

Kwa sura swichi hizi zinafanana, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Kwenye pikipiki inayowasha kwa betri, swichi inaufungulia umeme njia: ufunguo ukiwa ON, umeme unapita kwenda kwenye koili. Kwenye pikipiki ya magneto, na zile ndogo za shambani nyingi ni za namna hii, injini inajitengenezea moto wake yenyewe. Swichi haiuleti moto huo, inauzima. Ufunguo ukiwa OFF, waya wa kuzimia unaunganishwa na bodi na moto unaishia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Ukiwa ON, waya huo unaachiwa tu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Swichi ya magneto iliyong'olewa kabisa haizuii injini kuwaka, inaizuia kuzimika. Iliyoingia maji ndiyo inayozuia kuwaka, kwa sababu maji na uchafu vinaunganisha waya wa kuzimia na bodi hata ufunguo ukiwa ON. Kama DT yako inakataa kuwaka asubuhi baada ya mvua ya usiku, na ikifika saa tano inawaka bila kuguswa, usikimbilie kununua koili. Chomoa soketi ya swichi, ile ya plastiki iliyo nyuma ya taa kubwa, halafu piga kiki. Ikiwaka, mwizi umempata. Kumbuka tu kwamba ufunguo hautaizima. Weka gia ya juu, bana breki zote mbili na uachilie klachi polepole mpaka injini ife.

Rangi za waya husaidia sana, alimradi waya ni za kiwandani:

- Honda: nyekundu ni ya betri, nyeusi ndiyo inayotoka na umeme ufunguo ukiwa ON, kijani ni bodi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia.
- Yamaha: nyekundu ni ya betri, kahawia inatoka na umeme, nyeusi ni bodi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia.
- Suzuki: nyekundu ni ya betri, rangi ya chungwa inatoka na umeme, nyeusi yenye mstari mweupe ni bodi, nyeusi yenye mstari wa njano ni ya kuzimia.
- Kawasaki: nyeupe ni ya betri, kahawia inatoka na umeme, nyeusi yenye mstari wa njano ni bodi.

Tazama tena hiyo nyeusi yenye mstari mweupe. Kwa Honda na Yamaha ni ya kuzimia, kwa Suzuki ni bodi. Fundi aliyezoea Honda akiunganisha Suzuki kwa kumbukumbu, anaweza kutafuta moto mchana kutwa asiupate. Modeli chache hutoka nje ya mpangilio huu, hivyo mchoro wa waya wa modeli yako, ambao kwa pikipiki nyingi za Kijapani unapatikana bure mtandaoni, ndio wenye neno la mwisho.

Pima ikiwa na mzigo

Wengi huweka multimita kwenye omu, wakaona sifuri, wakasema swichi ni nzima. Kipimo hicho kinasukuma umeme kidogo mno. Kontakti, yaani shaba zinazogusana ndani ya swichi, iliyobaki na sehemu ndogo tu inayogusana itapita mtihani huo vizuri kabisa, halafu itashindwa mara tu taa zinapowashwa.

Washa ufunguo, kisha washa kila kinachotumia betri. Kama taa kubwa inalishwa na magneto moja kwa moja, tumia taa ya breki na indiketa. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye waya wa betri unaoingia kwenye swichi na nyingine kwenye waya unaotoka. Namba unayoisoma ni volti zinazopotea ndani ya swichi. 0.2 au chini yake ni sawa. Ikizidi 0.5, swichi inataka kufunguliwa. Ukiwa hapo hapo tikisa ufunguo na uvutevute waya kidogo. Namba ikirukaruka, kuna waya uliokatika ndani ya ganda lake au lehemu iliyopasuka kwenye kibao cha nyuma ya swichi, kile kinachoshika waya.

Pikipiki za volti 6 ndizo zinazoteseka zaidi, na si kwa bahati mbaya. Taa ya wati 35 kwenye volti 6 inavuta karibu ampea 6. Kwenye volti 12 inavuta karibu 3. Uchafu wenye ukinzani wa omu 0.2 unakula volti 1.2 kwa ile ya kwanza, yaani sehemu moja ya tano ya umeme wote. Kwa ile ya pili unakula 0.6 tu, ambayo ni sehemu moja ya ishirini. Ndiyo maana mtu anaona taa ya Honda yake ya volti 6 ina mwanga hafifu, anabadilisha betri, anabadilisha balbu, na hali inabaki ile ile.

Kabla ya kuigusa swichi yenyewe, chomoa soketi yake uiangalie. Kisumu kuna joto na unyevu wa ziwa, na vichwa vya shaba vya soketi huota kijani mapema kuliko ndani ya swichi. Visugue, virudishe, pima tena. Mara nyingine safari inaishia hapo.

Kama haipo kabisa: kuitafuta

Anza karibu. Skrepu ya pikipiki nzima ni bora kuliko swichi peke yake, kwa sababu unapata soketi, kipande cha waya zenye rangi sahihi na ringi ya juu, vitu ambavyo huvipati dukani. Ulizia misheni za zamani, viwanda vya chai upande wa Kericho na Nandi, kampuni za sukari, na shule zilizowahi kuwa na pikipiki ya ofisi. Taasisi za umma huuza mali chakavu kwa mnada wa hadhara, na matangazo yake hutoka magazetini. Ukienda mnadani, usiangalie zile zinazotembea, maana hizo zina wateja. Angalia lundo la pembeni.

Soko la Kibuye mjini Kisumu, hasa Jumapili, lina watu wanaomwaga vyuma juu ya magunia. Mazungumzo huwa hivi:

"Boss, hii ya Honda ni ngapi?"

"Hiyo ni original mzee, leta elfu moja mia tano."

"Haina ufunguo, na nyuma imepasuka. Nikupe mia tano."

"Ongeza kidogo basi, hiyo si ya Mchina."

Kukosa ufunguo kunashusha bei, na kwako si kasoro kubwa kama tutakavyoona. Kupasuka kwa kibao cha nyuma ni jambo zito zaidi. Ukiishika mkononi, tafuta jina la mtengenezaji: Asahi Denso, Honda Lock, au nembo ya kiwanda cha pikipiki iliyochongwa kwenye chuma. Angalia namba ndogo kwenye uso wa swichi, karibu na tundu la ufunguo. Kwenye Honda nyingi za zamani hiyo ndiyo namba ya ufunguo, na ina thamani kuliko ufunguo wenyewe uliochakaa. Angalia pia kama tundu limechokonolewa kwa bisibisi. Swichi iliyochokonolewa mara nyingi ilitoka kwenye pikipiki ambayo mwenyewe bado anaitafuta. Hiyo iache pale pale gunia lilipo, na kwa nyingine yoyote omba risiti, hata ya kuandikwa kwa kalamu.

Ukilazimika kuagiza nje, jua namba ya kipuri. Honda hutumia 35100 kwa swichi ya ufunguo, ikifuatwa na tarakimu tatu za modeli. Kwa mfano CB750 ya mwanzo ni 300. Suzuki hutumia 37110, Kawasaki 27005. Yamaha hutanguliza namba ya modeli, kisha 82508, au 82501 ikiwa swichi inakuja pamoja na kufuli ya usukani. David Silver Spares ya Uingereza na CMSNL ya Uholanzi zina maghala makubwa ya vipuri vya Kijapani vya zamani, na baadhi ni vipya vilivyokaa kwenye boksi tangu enzi hizo. Ukipiga hesabu usisahau usafiri na ushuru, maana kwa kitu kidogo kama hiki vinaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe.

Kuifungua

Toa betri kwanza, au angalau chomoa waya wake wa bodi. Piga picha za swichi kutoka pande zote, hasa jinsi waya zinavyokaa kwenye kibao cha nyuma.

Swichi nyingi za Kijapani zina sehemu mbili: ganda la chuma lenye silinda ya ufunguo, na kibao cha nyuma cha plastiki au bakelaiti kinachobeba kontakti. Nyingine hushikwa na skrubu mbili au tatu, hizo hazina maneno. Zilizo nyingi, hasa Honda za miaka ya 1970, zinashikwa na meno madogo ya plastiki yanayochungulia kwenye matundu ubavuni mwa ganda. Ukiyabana ufunguo ukiwa OFF, kibao hakitoki, na mtu akilazimisha meno yanavunjika. Ingiza ufunguo, ugeuze hadi katikati ya OFF na ON, uache hapo hapo. Sasa bana meno kwa bisibisi nyembamba, moja baada ya jingine, huku ukivuta kibao nyuma taratibu. Kinatoka bila ugomvi.

Fanya kazi hii ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, au juu ya taulo la rangi nyepesi. Ndani kuna springi na gololi ndogo za chuma, zile zinazotoa mlio wa "tik" ufunguo unapogeuka, na zinaruka bila taarifa. Gololi ikipotelea kwenye changarawe za gereji, tafuta ya saizi ile ile kwenye bearing kuukuu ya baiskeli.

Utakachokiona ndani ni kidaraja cha shaba kilichokalia springi, kinachozunguka na ufunguo na kuunganisha vichwa vya waya. Kimeshikwa na grisi ya zamani iliyogeuka nta nyeusi. Upande wa Nakuru grisi hiyo huwa imechanganyika na vumbi la volkano, na vumbi hilo linasaga. Kwenye kidaraja utaona njia iliyochimbika. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza, unasafisha tu. Ukinasa, utahitaji kusawazisha.

Kusafisha

Tenganisha shaba na ganda kabla ya kutumia kitu chochote chenye asidi. Ganda ni aloi ya zinki, na siki au ndimu huila zinki na kuiacha na vidonda vyeupe. Ganda lisafishwe kwa mafuta ya taa na mswaki, basi.

Kidaraja cha shaba kiloweke kwenye siki yenye chumvi kidogo kwa dakika chache, mpaka kijani kiachie. Kisuuze kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, kisha kwa maji safi, ukikaushe vizuri. Kibao cha nyuma usikiloweke, kwa kuwa unyevu unajificha chini ya vichwa vya waya. Kifute kwa spiriti ya duka la dawa na kijiti chenye pamba, rudia mpaka pamba itoke nyeupe. Masizi yaliyobaki kati ya kichwa kimoja na kingine yanapitisha umeme, nayo ndiyo yanayozima magneto siku ya mvua, kwa hiyo usione uvivu hapo.

Njia iliyochimbika ilainishe kwa msasa wa namba 1000 uliolazwa juu ya kioo, ukizungusha kidaraja juu yake na si msasa juu ya kidaraja, ili uso ubaki bapa. Usitumie tupa. Usijaze shimo kwa risasi ya kulehemu pia, kama wanavyofanya wengine. Risasi ni laini, inachakaa haraka, na swichi ikipata joto inatambaa. Kama shaba imeisha kabisa, swichi ya Boxer au TVS iliyokufa inaweza kukupa kipande cha kukata na springi yenye nguvu. Springi ya zamani iliyobadilika rangi kuwa ya bluu ilishapata moto na imelegea. Hiyo usiirudishe.

Baada ya hapo paka mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, kwenye shaba, tabaka jembamba sana. Yanazuia hewa na maji, na kidaraja kikipita kinayasukuma pembeni. Grisi ya magurudumu iache huko huko kwenye magurudumu.

Silinda na ufunguo

Silinda ya ufunguo haitaki grisi wala mafuta, kwa sababu vinakusanya vumbi. Ioshe kwa mafuta ya taa ukiingiza na kutoa ufunguo, ikaushe, kisha weka unga wa risasi ya penseli laini. Kidogo tu, na kabla ya kurudisha kibao cha nyuma: unga huo unapitisha umeme, ukidondokea kwenye kontakti umejirudishia ugonjwa ule ule.

Kama una namba ya ufunguo, fundi mzuri wa funguo anaweza kukata kwa namba akiwa na jedwali lake. Kama huna namba wala ufunguo, itoe silinda. Kwenye nyingi kuna kitundu kidogo ubavuni. Ndani yake kuna kibati kinachoizuia silinda, unakibonyeza kwa waya mwembamba huku ukivuta. Silinda ikitoka utaona vibati vyembamba vya shaba ya njano vimepangwa kwenye mstari, kila kimoja na springi yake. Usiviache vichanganyike. Mpelekee fundi wa funguo silinda hiyo ikiwa wazi, asikatie kwa kubahatisha. Anachofanya ni kuchonga ufunguo mtupu taratibu mpaka kila kibati kilale sawa na uso wa silinda. Kinachochungulia juu au kilichozama ndani bado hakijakubali. Wapo wanaokata kibati badala ya ufunguo kwa sababu ni rahisi, na matokeo yake swichi inafunguka kwa kijiko. Mwambie mapema kwamba vibati haviguswi, na umlipe kwa muda wake.

Za Kiingereza

Ukiwa na Triumph au BSA iliyobaki kwenye shamba la walowezi wa zamani Njoro au Solai, mambo ni tofauti kidogo. Nyingi zina vifaa vya umeme vya Lucas, kampuni ya Kiingereza, na nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zimefungwa kinyume na mazoea yetu: upande chanya wa betri ndio unaokwenda bodi. Angalia kabla ya kuunganisha chochote. Swichi ya Lucas iitwayo PRS8 inabeba taa na moto pamoja, na kwenye pikipiki zenye alteneta ina nafasi ya EMG ya kuwashia injini betri ikiwa imekufa. Injini ikishawaka unarudi IGN, nafasi ya kawaida. Zile za magneto tupu hazina ufunguo kabisa, kwa hiyo usihangaike kutafuta kisichokuwepo. Kusafisha ni kule kule, ila bakelaiti yake ya zamani hupasuka kwa nguvu ndogo.

Kurudisha na kupima

Waya zilizokatika zilehemu upya kwa chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi. Risasi ya kawaida huyeyuka karibu nyuzi 190, na plastiki ya kibao inaanza kulegea muda mfupi baadaye, kwa hiyo paka risasi kwenye waya kwanza, kisha gusa kichwa kwa sekunde mbili tatu na uondoke. Waya wa betri uwe wa milimita za mraba 1.25 au zaidi, wenye rangi ile ile ya kiwandani ukiweza. Fyuzi ibaki ya ampea alizoandika mtengenezaji. Karatasi ya sigara si fyuzi.

Ikiwa bado mezani, pima kila nafasi: OFF, ON, na P kama ipo. Kwa swichi ya magneto, waya wa kuzimia lazima uguse bodi kwenye OFF na uachane nayo kabisa kwenye ON. Kwa omu hapo multimita ionyeshe hakuna muunganiko wowote, si namba kubwa tu. P ni ya kuegesha: inaacha taa ya nyuma ikiwaka, na kwenye swichi nyingi ufunguo unatoka ukiwa hapo. Mtu akipitiliza OFF bila kujua, anakuta betri tupu asubuhi na kulaumu fundi.

Ukishaifunga, rudia kile kipimo cha volti ukiwa na mzigo. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kivalishe nyuma ya swichi kama raba ya asili imeoza, na uache tundu upande wa chini ili maji yakiingia yatoke. Kisha tundika ufunguo huo peke yake. Rundo la funguo za nyumba, duka na geti likining'inia na kutikisika kutoka Ahero hadi Kericho linakula vibati vya silinda. Ufunguo wa pili uchongwe sasa, wakati wa kwanza bado una meno makali.